Ghala la Sentensi Tupu

Ukiifungua Academic Phrasebank kwa mara ya kwanza unaweza kudhani umepotea njia. Hakuna video ya mwalimu anayetabasamu, hakuna jaribio la kupima umeelewa kiasi gani, hakuna cheti cha kupakua mwishoni. Kilichopo ni sentensi za Kiingereza, safu baada ya safu, na karibu kila moja ina tundu. Pale lilipopaswa kukaa jambo lenyewe pamewekwa nukta tatu au herufi X. Sentensi inakueleza kwamba tafiti za karibuni zimethibitisha, lakini haisemi zimethibitisha nini. Nyingine inaahidi sababu tatu kisha inanyamaza. Mwanafunzi mwenye haraka, ambaye msimamizi wake anaingoja sura ya kwanza, huitupia jicho mara moja akaondoka kutafuta ukurasa wenye maelezo.

Mimi naihesabu miongoni mwa kazi za ufundi zilizofanywa kwa subira kubwa kwenye intaneti.

Aliyeifanya ni John Morley wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Malighafi yake ya kwanza ilikuwa tasnifu 100 za wanafunzi wa shahada za juu wa chuo hicho hicho. Hebu fikiria usomaji wa namna hiyo. Sisi wengine tukisoma tasnifu tunatafuta habari: huyu amegundua nini, kwa sampuli ya watu wangapi, anabishana na nani. Maneno ya kupitisha, yale ya "sura hii imegawanyika katika" na "kinyume na ilivyotarajiwa", macho huyaruka kana kwamba hayapo. Morley aliyafuata hayo hayo, na habari ndiyo aliyoiruka. Pale soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, wapo vijana ambao kazi yao ni kuparua na kupasua samaki wa wateja. Kisu kinapita kando ya uti wa mgongo, mnofu unaingia kwenye mfuko wa mteja, mifupa inabaki mezani. Morley alikuwa na mkono kama wao, ila yeye aliondoka na mifupa.

Ugumu uko katika kujua pa kukata. Chukua sentensi ya kubuni, kutoka tasnifu ambayo ingeweza kuandikwa Zanzibar: "Ingawa wakulima wengi wa mwani Unguja ni wanawake, ni machache yaliyoandikwa kuhusu jinsi wanavyogawana kazi wakati wa bamvua." Ukiondoa bamvua peke yake, umebaki na sentensi inayomfaa mtafiti wa mwani peke yake. Ukikata mpaka libaki "ingawa", umebaki na kiunganishi ambacho kila mtu anacho tayari. Pa kukata ni hapa: "Ingawa … , ni machache yaliyoandikwa kuhusu jinsi …" Sasa hicho ni kiunzi. Mtu wa malaria anaweza kukichukua, mtu wa taarabu anaweza kukichukua, na mwani umebaki kwa mwenyewe. Kinachobaki ndani ya kiunzi hicho si maneno tu. Kuna kukubali kwamba jambo fulani linajulikana, kisha kuna kugeuka, kisha kidole kinaelekezwa mahali ambapo bado ni giza. Mwendo mzima wa fikra umo ndani ya maneno yanayotosha kuandikwa kiganjani.

Na swali la haki je? Kama sentensi ilikuwa ya mwanafunzi fulani, kwa nini mwingine aruhusiwe kuichukua? Mwalimu anayefundisha watu waogope wizi wa kitaaluma hawezi kulikwepa swali hilo, na Morley hakulikwepa. Yeye na Mary Davis waliwauliza wanataaluma wa fani mbalimbali wanaonaje mwanafunzi akitumia tena vipande vya maneno ya wengine; utafiti wao ulichapishwa mwaka 2015. Ghala lenyewe linaeleza vipimo vyake waziwazi. Kipande kisiwe na muundo wa kipekee unaomtambulisha aliyeubuni. Kisibebe msimamo wa mtu mwingine. Kinaweza kufika maneno tisa hivi. Kikizidi hapo, wakubalio wanapungua. Na ndani yake yasizidi maneno manne yenye maana ya jumla, yaani nomino, vitenzi au vivumishi visivyofungwa na mada moja.

Vipimo hivyo ninavipenda kwa sababu vinaweza kushikika. Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanakutana na suala hili kwa mara ya kwanza siku programu ya kukagua ulinganifu inapowarudishia kazi ikiwa imejaa rangi. Wanachojifunza siku hiyo ni kuogopa rangi. Basi wanaanza kubadilisha neno mojamoja, "umeonesha" linakuwa "umedhihirisha", "muhimu" linakuwa "adhimu", mpaka aya inasomeka kama tangazo la harusi, na wazo walilolichukua bila kumtaja mwenyewe liko palepale halijaguswa. Anayejua pa kukata hana haja ya kuhangaika hivyo. Anajua kwamba "kinyume na ilivyotarajiwa" haina mwenyewe, na kwamba hoja iliyofuata baada ya mkato ina mwenyewe, na jina lake litajwe.

Namna ghala lilivyopangwa nayo ina historia, na sehemu ya historia hiyo iko Afrika. Sentensi hazikupangwa kwa alfabeti wala kwa kanuni za sarufi. Zimepangwa kwa kazi: za kuanzisha kazi, za kutaja vyanzo, za kueleza mbinu, za kuripoti matokeo, za kuyajadili, za kufunga, kisha za shughuli zinazopita kila sura, kama kulinganisha, kueleza chanzo na athari, kufasili, kukosoa, kuchukua tahadhari. Wazo la kuitazama sentensi kwa kuuliza inafanya nini mahali ilipo linatoka kwa John Swales, Mwingereza ambaye kabla ya kuwa profesa mashuhuri alifundisha Kiingereza Libya, na baadaye Khartoum katika miaka ya 1970. Kitabu chake cha 1971 kuhusu uandishi wa Kiingereza cha sayansi kilitokana na madarasa yake ya Libya. Wanafunzi wale walihitaji kusoma na kuandika sayansi kwa lugha isiyo yao, na kuwarudisha kwenye njeo za vitenzi kusingewafikisha mbali. Ilibidi mtu akae atazame maandishi ya kisayansi yenyewe yanakwendaje.

Mwaka 1981, akiwa Chuo Kikuu cha Aston, Birmingham, Swales alichapisha uchunguzi wa utangulizi wa makala 48 za kitaaluma. Utangulizi tu; makala zenyewe aliziacha. Mwaka 1990 aliurekebisha mchoro wake wa hatua za utangulizi katika kitabu cha Genre Analysis, ukabaki na hatua tatu. Kwanza mwandishi anaonesha kwamba hapa pana eneo, linajulikana, watu wanalishughulikia. Pili anaonesha sehemu ndani ya eneo hilo ambayo haijakaliwa. Tatu anaikalia: makala haya yatafanya hivi. Ukishaambiwa unaona ni rahisi mno, kiasi cha kushangaa ilikuwaje mtu asemwe kuwa amegundua jambo hilo. Lakini jaribu kuchukua makala yoyote ya fani usiyoijua, usome aya zake nne za mwanzo ukitafuta pale mwandishi anapogeuka na kusema "hata hivyo". Mara nyingi utapapata bila kuelewa hata nusu ya istilahi.

Wasomaji wa tasnifu zetu wanaujua mwanzo wa aina nyingine. Unaanza "Duniani kote". Aya ya pili ni "Barani Afrika". Ya tatu ni "Kusini mwa Jangwa la Sahara", kisha "Nchini Tanzania" au "Nchini Kenya", na mwisho tunashushwa wilayani, ambako tunaambiwa kwamba utafiti wa namna hii haujawahi kufanyika. Kurasa zimekwenda, ramani imezidi kuwa ndogo, na hilo ndilo pengo. Kwa kigezo hicho, serikali ikigawa wilaya mbili tu, tasnifu mpya zimezaliwa. Simlaumu mwanafunzi, amefundishwa kwamba usuli wa tatizo hutoka kwa jumla kwenda kwa mahususi, na ametii. Ila hakuna aliyemwambia kwamba kupunguza ramani hakuzai swali.

Hapa ndipo ghala la Morley linapofundisha bila kutoa hotuba. Nenda kwenye sehemu ya kuonesha pengo, usome sentensi tupu moja baada ya nyingine. Moja imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka kusema tafiti zilizopita zinapingana. Nyingine ni ya mtu anayeona mbinu zilizotumika zina kasoro. Nyingine inasema matokeo yanajulikana ila sababu zake bado. Nyingine inasema kundi fulani la watu halikuulizwa, nyingine kwamba muda uliofuatiliwa ulikuwa mfupi. Ulikuja kutafuta namna nzuri ya kusema "hakuna utafiti uliofanyika", na sasa unajikuta unajiuliza lako ni pengo la aina gani. Orodha ya maneno imegeuka kuwa orodha ya maswali ambayo mtafiti anaweza kuwa nayo. Hilo nadhani ndilo jambo kubwa zaidi kuhusu ufundi huu, na sina hakika kama wengi wanaoutumia wanaliona.

Turudi kwa mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, na kwa sehemu kubwa kiliangukia mikononi mwa wanawake. Aina moja, cottonii, ina bei nzuri lakini hufa maji yakizidi joto. Nyingine, spinosum, huvumilia zaidi na hulipa kidogo. Mwanafunzi anayekuja na mada hii anaweza kuanza na bahari za dunia. Au anaweza kusema kwamba kufa kwa cottonii kumeelezwa na wanasayansi wa bahari kwa upande wa joto na magonjwa (eneo), kisha kwamba uamuzi wa mkulima wa kuachana nayo, nani anashauriana na nani, nani anabeba hasara ya msimu wa mwisho, si jambo ambalo kipimajoto kinaweza kulijibu (pengo), kisha kwamba tasnifu hii itawauliza wakulima wa vijiji viwili (kukalia). Sentensi tatu. Wilaya itatajwa, lakini itatajwa kama mahali pa kazi, haitabebeshwa mzigo wa kuwa sababu ya kazi.

Sehemu ninayorudi kwayo mara kwa mara ni ile ya tahadhari. Morley ameikusanya kwa upana unaofanana na wa mtu anayependa jambo lake. Humo zimo ngazi zote, kutoka sentensi inayokaribia kuthibitisha hadi ile inayosema kidogo mno kiasi kwamba msomaji anaweza kuuliza kwa nini imeandikwa. Fundi anayejua anachagua ngazi inayolingana na ushahidi wake. Tazama jinsi madai yaleyale yanavyobadilika kwa Kiswahili:

"Joto la maji linaua cottonii." Hapa mwandishi amesimama kizimbani na kula kiapo. "Joto la maji ni miongoni mwa mambo yanayochangia kufa kwa cottonii." Ameacha mlango kwa sababu nyingine. "Inaelekea joto la maji linachangia kufa kwa cottonii." Sasa anakiri kwamba anasoma dalili. "Katika mashamba yaliyochunguzwa, cottonii ilikufa zaidi katika miezi yenye joto." Na hii ya mwisho, ambayo haina "huenda" wala "pengine" hata moja, ndiyo yenye tahadhari kuliko zote, kwa sababu imesema kilichoonekana ikaishia hapo. Wanafunzi wengi wanafikiri tahadhari ni kunyunyiza "huenda" juu ya kila kitenzi. Wakifika "huenda inawezekana ikawa", msimamizi anachora mstari na kuandika pembeni: "Sasa ni nini?"

Ghala hili haliko peke yake, na nisingependa lionekane limeota jangwani. Muriel Harris alianzisha karakana ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, mwaka 1976, na mwaka 1994 karakana hiyo ikaingia mtandaoni. Ndiko ambako watu wa mabara yote huenda usiku wa manane kuuliza kama mwaka wa uchapishaji unakaa kabla au baada ya jina la kitabu. Kazi yenyewe ni ya unyenyekevu, mambo ya mkato na nukta na italiki, na imefanywa vizuri. Averil Coxhead alichapisha mwaka 2000 orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma ya Kiingereza, kwa anayehitaji msamiati. AuthorAID, mradi wa shirika la INASP la Uingereza, umekuwa tangu 2007 ukiwasaidia watafiti wa nchi zenye kipato kidogo kwa kozi za bure za mtandaoni na kwa kuwakutanisha na walezi wazoefu. Na Chuo Kikuu cha Michigan, ambako Swales alihamia na kufundisha kwa miaka mingi, kimeweka wazi kazi 829 za wanafunzi waliopata alama A. Unatafuta neno, unaona watu wenye umri wako na hofu zako wamelitumiaje katika biolojia, katika falsafa, katika uhandisi. Hiyo ya mwisho nawapendekezea hasa wale waliochoka kuambiwa waandike kama maprofesa.

Lakini ni ghala la sentensi tupu linaloniteka, na sasa zaidi kuliko zamani, kwa kuwa zipo programu zinazoweza kukuandikia aya nzima kabla chai haijapoa. Programu haiachi tundu. Ukiipa mada ya mwani itakupa mwani, bamvua, wanawake, joto na hitimisho, na kila kitu kitakuwa mahali pake, hata yale ambayo hukuyachunguza. Morley anakuachia nukta tatu. Huwezi kuzikabidhi kwa msimamizi zikiwa hivyo. Lazima uwe na kitu cha kuweka, na kama huna, tundu linakuonesha kwamba huna.

Bila shaka ghala linaweza kutumiwa vibaya. Nimesoma maandishi yaliyojengwa kwa viunzi vitupu, aya inafungua kwa "katika miongo ya hivi karibuni kumekuwa na mwamko mkubwa", inaendelea na "hata hivyo, mjadala bado ni mkali", inamalizia na "kwa hiyo ni muhimu kuchunguza", na mtu ukiuliza mwamko wa nani, mjadala kati ya nani na nani, hupati jibu. Mwendo ni wa kisomi kabisa, mwenye mwendo hayupo. Kosa hilo si la Morley. Yeye aliweka nukta.

Kinachonisisimua ni kwamba tuna karibu kila kitu kinachohitajika kufanya kazi kama hii kwa Kiswahili. Tasnifu za Kiswahili zinaandikwa Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi na kwingineko. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam inachapisha majarida ya Kiswahili na Mulika, na lile la kwanza lina asili inayorudi hadi miaka ya 1930, enzi za kamati ya lugha ya Afrika Mashariki. Uchunguzi wa Swales ulihitaji utangulizi 48. Katika rafu moja ya maktaba zinapatikana nyingi zaidi ya hizo. Ningetaka kuona mtu anakaa nazo na kalamu za rangi tatu, moja kwa kila hatua.

Ningeanza na "hata hivyo". Makala zetu nyingi zinakwenda hivi: wataalamu mbalimbali wameandika kuhusu jambo hili, majina na miaka yanajipanga ndani ya mabano, kisha inakuja "hata hivyo". Kinachofuata ndicho kinachotaka kuhesabiwa. Mara ngapi ni "hawakujikita katika", mara ngapi ni "walichunguza riwaya nyingine", na mara ngapi mwandishi anamgeukia mtangulizi wake, mara nyingi mwalimu wake aliyemfundisha, na kusema kwa adabu zote kwamba hoja yake haisimami. Viunzi vya hiyo ya tatu, yaani namna ambayo msomi wa Kiswahili humpinga mkubwa wake bila kumvunjia heshima, ningevilipia bando kuvisoma.